HAKI YAKO IMO KATIKA KATIBA, UFUNGUO ANAO NANI?

Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya vijana wa chama. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya Katiba. Najua neno hilo likitajwa kijiweni wengine huinuka wakaenda kutafuta sigara. Wanaona Katiba ni mambo ya mawakili na wabunge, kitabu cha kuapia siku ya sherehe. Kijana anayeuza mitumba, au anayepiga debe stendi tangu alfajiri, anauliza: hiyo Katiba itanipa unga?

Nakujibu waziwazi. Katiba haikupi unga. Lakini Katiba ndiyo inayoamua kama mgambo anayemwaga sinia lako la karanga ana mtu wa kumwuliza. Ndiyo inayoamua kama polisi aliyekutupa nyuma ya difenda Jumamosi usiku analazimika kukufikisha mbele ya hakimu, au atakuweka humo ndani mpaka achoke mwenyewe. Ndiyo inayoamua kama diwani aliyekula fedha za mtaro wa mtaa wako unaweza kumwondoa. Unga utautafuta mwenyewe. Swali ni kama utauacha mezani ukaukuta.

Kwa hiyo leo tuifungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na kila tukifika kwenye ibara tuulize swali moja tu: hii ikivunjwa, nani ataniamulia, na uamuzi wake nani anaweza kuufuta? Ukilishika swali hilo, hakuna kigogo atakayekudanganya tena kwa kukusomea maneno matamu.

DOLA IMEGAWANYWAJE

Ibara ya 4 inasema shughuli za dola zinafanywa na vyombo vya aina tatu: vyenye mamlaka ya utendaji, vyenye mamlaka ya kutunga sheria na vyenye mamlaka ya kutoa haki. Serikali, Bunge, Mahakama. Ndiyo hiyo mihimili mitatu mnayoisikia redioni. Kwa kuwa tuna Muungano, Zanzibar nayo ina mihimili yake kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Kwa nini mamlaka yagawanywe? Kwa sababu mtu yule yule akitunga sheria, akakamata, kisha akahukumu, huna pa kukimbilia. Wapenzi wa soka mnalielewa hili kuliko maprofesa. Hakuna anayekubali kucheza mechi ambayo nahodha wa timu moja ndiye refa, na ndiye aliyechagua washika vibendera.

Sasa soma ibara zinazofuata. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Ibara ya 66 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge hadi 10. Ibara ya 55 inasema mawaziri watateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, maana yake wanaotakiwa kuisimamia Serikali baadhi yao ndio Serikali yenyewe, na wengine wanaitamani hiyo nafasi. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Majaji wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ibara ya 74 inasema wajumbe wa Tume ya Uchaguzi wanateuliwa na Rais, ambaye mwenyewe anaweza kuwa mgombea. Ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo.

Mniwie radhi, hapa simsemi Rais fulani. Nakisema kiti. Mtu mwema akikaa kwenye kiti hicho utashukuru Mungu, lakini Katiba haiandikwi kwa kutegemea wema wa mtu. Inaandikwa kwa ajili ya siku ambayo mtu asiye mwema atakikalia.

TULIKOTOKA

Tulipata uhuru mwaka 1961 bila orodha ya haki za raia ndani ya Katiba. Viongozi wa wakati ule walisema haki za mtu mmoja mmoja zingekwamisha kazi ya kujenga taifa changa. Mwaka mmoja baadaye, 1962, ikatungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Rais aliweza kumfunga mtu bila kesi na bila hakimu. Mwaka 1965 tukaingizwa kwenye Katiba ya muda ya chama kimoja.

Katiba hii ya 1977 nayo ilizaliwaje? Tume ya watu 20 iliyoongozwa na Sheikh Thabit Kombo, ile ile iliyoshughulikia kuunganishwa kwa TANU na ASP, ndiyo iliyopewa kazi ya kuitayarisha. Bunge likageuzwa kuwa Bunge la Katiba, likaipitisha Aprili 1977. Mwananchi hakupigishwa kura ya maoni. Aliamka akaikuta.

Wazee wa mjini watawasimulia mwaka 1983. Ilikuwa Nguvu Kazi. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani akapakiwa kwenye lori kwenda shamba. Hakuna aliyemwuliza ametenda kosa gani. Kosa lake lilikuwa kuonekana mjini bila ajira. Kijana yule hakuwa na ibara ya kumwonyesha hakimu, kwa sababu ibara hiyo ilikuwa haijaandikwa.

Mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984 ndio uliozaa haki tulizo nazo. Bara na Visiwani watu walizidai, na mwaka 1984 zikaingizwa. Lakini sikilizeni mchezo uliofuata. Serikali ikajipa miaka mitatu ya kujiweka sawa kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kwenda mahakamani. Haki zikaandikwa, zikachapwa, zikafungiwa kabatini mpaka Machi 1988.

MAHAKAMA ILIPOONYESHA MENO

Kabati lilipofunguliwa, raia wa kawaida wakaanza kubisha hodi. Nitataja wachache ili mjue kwamba njia hii imewahi kupitika.

Daudi Pete alishtakiwa kwa unyang'anyi. Sheria ilikataza washtakiwa wa kosa hilo kupewa dhamana, hakimu atake asitake. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikasema kifungu hicho kinakiuka uhuru wa mtu uliolindwa na Ibara ya 15, ikakitupa. Angalieni: aliyesaidiwa hapa hakuwa waziri, alikuwa mtuhumiwa wa unyang'anyi. Haki isiyomlinda mtuhumiwa wa unyang'anyi haitakulinda wewe siku utakaposingiziwa unyang'anyi.

Kukutia Ole Pumbun na mwenzake walitaka kuishtaki Serikali. Sheria ya wakati huo ilisema huwezi kuishtaki Serikali mpaka Serikali ikubali kushtakiwa. Yaani mwizi ndiye atoe kibali cha kushtakiwa wizi! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilipoketi Arusha ikasema sharti hilo ni batili. Mwaka 1994 sheria ikarekebishwa, sasa unatoa taarifa ya siku 90 badala ya kuomba ruhusa.

Kisha akaja Mchungaji Christopher Mtikila. Wengi mlimjua kwa maneno makali, na wapo waliokataa kila alichosema. Lakini kesi yake ni shule, nami nataka tuipitie darasa kwa darasa.

KESI YA MIAKA 20

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Katiba iliwekewa sharti kwamba anayegombea urais au ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Chama cha Mtikila kilikuwa hakijasajiliwa. Kwa hiyo yeye, raia mwenye akili timamu na umri wake, hakuwa na njia ya kugombea. Mwaka 1993 akafungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma.

Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu. Alikubali kwamba raia anaweza kugombea bila kupitia chama, kwa sababu Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake, na Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Katika hukumu hiyo hiyo alisema kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Taarifa inatosha.

Watu wakashangilia. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha mabadiliko ya 11 ya Katiba, likaifunga njia ile ya mgombea binafsi aliyoifungua jaji. Safari hii halikugusa sheria ndogo. Liligusa Katiba yenyewe, na wingi wa chama tawala ulitosha.

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2005 akarudi mahakamani, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema mabadiliko yale yanakiuka haki za msingi. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakaitengua hukumu hiyo. Walisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na Mahakama haina uwezo wa kuifuta ibara ya Katiba. Bunge ndilo lenye kazi hiyo.

Tuwe waungwana, hoja ya majaji si ya kubeza. Wao hawakupigiwa kura, na mtu anaweza kuuliza watafutaje kilichoandikwa na waliochaguliwa. Lakini nami nauliza: kama Bunge likiwa na theluthi mbili linaweza kuandika lolote ndani ya Katiba, na Mahakama ikasema haigusi, basi haki zako zote zinalindwa na nini? Zinalindwa na hesabu ya viti. Leo wanafunga mlango wa mgombea binafsi. Kesho watafunga upi?

Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nyumbani, Arusha. Juni 2013 Mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki ya raia ya kushiriki katika serikali ya nchi yake, uhuru wake wa kujiunga na wenzake, na haki yake ya kuwa sawa mbele ya sheria. Ikaitaka nchi irekebishe. Tangu kesi ilipofunguliwa ilikuwa imepita miaka 20.

Mchungaji alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi. Hakuna mgombea binafsi aliyekuwemo kwenye karatasi ya kura mwaka huo. Hakuwemo 2020. Hakuwemo 2025. Na Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuifikisha moja kwa moja mbele ya Mahakama ile ya Arusha. Mlango wa mwisho nao ukafungwa kwa ndani.

Rudi sasa kwenye swali letu. Haki ilikuwemo? Ilikuwemo. Nani aliamua? Mahakama. Nani aliufuta uamuzi? Wale wale walioshindwa kesi.

MANENO MADOGO YENYE KUFULI KUBWA

Kuna ibara nyingine mbili ninazotaka uzisome mwenyewe usiku wa leo.

Ya kwanza ni Ibara ya 8. Ni tamu sana. Inasema wananchi ndio chimbuko la mamlaka yote. Viongozi huitaja majukwaani. Wasichokutajia ni Ibara ya 7, fungu la pili, inayosema kwamba masharti ya Sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo ukienda kumwambia hakimu kwamba wewe ndiwe mwenye nchi, hakimu hawezi kukusikiliza kwa ibara hiyo. Ibara ya 11, inayozungumzia elimu na kazi, imo ndani ya uzio huo huo.

Ya pili ni Ibara ya 41, fungu la saba. Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge unaweza kumfungulia kesi ya uchaguzi. Diwani unaweza. Rais, huwezi. Jirani zetu wa Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais na nchi haikuanguka, uchaguzi ulirudiwa. Malawi ilifanya hivyo mwaka 2020. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ilisema fungu hili letu linakiuka haki. Uchaguzi wa Oktoba 2025 umefanyika fungu likiwa palepale.

Ongeza hili. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Lakini mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua kesi aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Yaani usiseme nyumba ya mtaa inaungua mpaka nguo zako zishike moto.

HAKI SI HISANI

Mtakumbuka mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipopigwa marufuku. Hapakuwa na marekebisho ya Katiba. Ibara ya 20 ilikuwa palepale, na sheria iliyotaka taarifa ya saa 48 tu kwa polisi ilikuwa palepale. Lilitoka tamko, na nchi nzima ikanyamaza zaidi ya miaka sita. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaondoa marufuku hiyo. Tulipiga makofi, na kweli ilikuwa hatua njema.

Lakini tafakari, kijana mwenzangu. Kilichoondolewa kwa tamko kimerudishwa kwa tamko. Kitu cha namna hiyo kinaitwa hisani. Aliyekupa hisani ana haki ya kuidai kesho. Haki yako hupewi na mtu, na kwa hiyo hakuna mtu anayepaswa kuwa na uwezo wa kukunyang'anya kwa kufungua mdomo tu.

Ndiyo maana tunadai Katiba Mpya, na tunaidai kwa sababu hizi nilizozieleza, siyo kwa ajili ya viti vya viongozi wetu. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi ikakusanya maoni ya wananchi, na Desemba 2013 ikakabidhi rasimu ya pili. Bunge Maalum la mwaka 2014 likayakata mengi ya yale, kambi yetu ikatoka ukumbini, na waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haikupigwa. Fedha za walipa kodi zikaenda, maoni yako yakabaki kwenye makabrasha.

UFANYE NINI WEWE

Sitaki uondoke hapa na hasira tupu. Hasira bila maarifa ni kuni za kumpikia adui.

Kwanza, tafuta nakala ya Katiba. Imeandikwa kwa Kiswahili chako. Anza na Ibara ya 12 hadi ya 30. Someni kijiweni, mmoja asome, wengine wabishe. Mmeweza kukariri vikosi vya timu za Ulaya, hamwezi kushindwa na ibara 19.

Pili, ukikamatwa, usipigane na usikimbie. Uliza kwa sauti ya kusikika: nakamatwa kwa kosa gani? Sheria inamtaka anayekukamata akwambie. Una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Na sheria inazungumzia saa 24 kukufikisha mahakamani au kukupa dhamana kwa makosa yenye dhamana. Wenzako mliokuwa naye, msitawanyike mkaenda kulala. Andikeni saa, kituo, na namba ya gari. Kesi nyingi hushindwa kwa sababu hakuna aliyeandika.

Tatu, dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekudai fedha ili akupe, anakuuzia kilicho chako.

Nne, mkitaka kufanya mkutano wa chama, pelekeni taarifa ya maandishi saa 48 kabla, mbakie na nakala iliyogongwa mhuri. Msiandike "tunaomba kibali". Andikeni "tunatoa taarifa". Neno moja hilo, kuna mtu alilipigania mpaka mahakamani.

Tano, mbunge akija kuomba kura, mwulize mbele ya watu: ukipelekewa muswada wa kubadili Katiba ili kufuta hukumu ya Mahakama, utapiga kura gani? Asipojibu, amejibu.

Ndugu zangu, Daudi Pete hakuwa mwanasheria. Ole Pumbun hakuwa waziri. Walikuwa watu waliokataa kuambiwa "ndivyo ilivyo". Karatasi haimlindi mtu aliyelala. Inamlinda yule anayeijua, anayeitaja mbele ya OCD bila kutetemeka, na ambaye nyuma yake wapo wenzake mia wanaoijua vilevile.

Ufunguo wa haki zako leo uko kwenye mifuko ya watu wachache. Hawataurudisha kwa kuombwa. Watarudisha siku watakapoona kwamba vijana wa nchi hii wamesoma kilichoandikwa, wamejua kilichofutwa, na hawako tayari kusomewa tena Ibara ya 8 bila kusomewa na Ibara ya 7.